Niliyojifunza Nikimpeleka Dada Kliniki ya Moyo

Dada yangu anaishi Kasulu, mjomba wetu Leicester, Uingereza. Wote mapigo yao ya moyo hayana mpangilio, na wote wanatumia dawa ya kuzuia damu kuganda ili donge lisipande kichwani na kuleta kiharusi. Hata hivyo, hawatibiwi sawa.

1. Uliza moyo uliharibiwa na nini
Moyo wa mjomba umechoshwa na umri na presha. Wa dada uliharibika utotoni: maumivu ya koo yasiyotibiwa yalizaa homa ya baridi yabisi, nayo ikabana valvu. Utafiti uliochapishwa 2014, wa wagonjwa zaidi ya 15,000 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio katika nchi 46, uliukuta ugonjwa huo wa valvu kwa asilimia 21.5 ya wagonjwa wa Afrika. Amerika Kaskazini ulikuwa asilimia 2.2.

2. Dawa ya mwenzako huenda isikufae
Mjomba anameza apiksabani, isiyohitaji kupima damu mara kwa mara, akataka kumtumia dada. Daktari alikataa, na sababu haikuwa bei. Jaribio la INVICTUS, lililotoa matokeo 2022, liliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye valvu kama za dada. Waliotumia warfarini, dawa ya dada, na jamii yake walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa ya kundi moja na ile ya mjomba.

3. Kidonge bila kipimo ni nusu ya tiba
Warfarini huongozwa na kipimo cha INR. Kwa dada, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3: kikishuka, damu huganda, kikipanda, huvuja. Utafiti ule wa 2014 ulionyesha kuwa wagonjwa wa Ulaya Magharibi walikaa ndani ya kiwango hicho asilimia 62 ya muda. Wa Afrika, India na China hawakuvuka asilimia 40. Kwetu sababu inaonekana: leo vitendanishi vimekwisha, kesho mashine mbovu, na nauli imeshaliwa. Siku hizi hatupandi gari kabla ya kupiga simu maabara.

4. Mchicha hauna kosa
Majirani walimshauri dada aache mboga za majani. Ni kweli vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini, lakini dozi hupangwa kufuata mlo wako. Hatari ni kubadili ghafla: masika kisamvu na matembele kila siku, kiangazi hata jani moja hakuna.

5. Kadi itangulie
Kwa anayetumia warfarini, Flajili na Septrini hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Aspirini na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu. Dada huonyesha kadi ya kliniki kila duka la dawa. Na kwa kuwa wagonjwa wengi wa valvu ni wanawake wa umri wa kuzaa, mimba ipangwe na daktari mapema, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

6. Tudai kipimo kwanza
Zipo mashine ndogo zinazosoma INR kwa tone la damu la kidoleni, kwa dakika chache. Hospitali ya wilaya yenye mashine hiyo na vijiti vyake ingemsaidia dada kuliko shehena ya vidonge vya Ulaya. Na penisilini kwa mtoto mwenye maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria ingempunguzia mwingine haja ya kuifuata njia hii.