Kumsaidia Mtoto Mdogo Kuutambua na Kuukabili Upweke: Mfano wa Mtangawanda

Utangulizi

Mtangawanda ni bandari ya Kisiwa cha Pate, Lamu. Vyombo vitokavyo mjini Lamu hufika hapo kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji. Wapo wazazi waondokao hapo kwenda kuvua, kutafuta kazi Mombasa, au kuvuka hadi Uarabuni. Kwa mtu mzima safari hiyo ni riziki. Kwa mtoto wa miaka minne ni pengo asilolijua jina. Makala haya yanaeleza namna mlezi abakiye anavyoweza kumsaidia mtoto huyo.

Dhana ya upweke

Kiswahili hutenganisha hali zinazokaribiana. Aliye peke yake hana mwenziwe kwa wakati huo, na huenda ameridhika. Mwenye upweke huumia kwa kumkosa amtakaye, hata akiwa katikati ya watu. Ukiwa ni hali ya aliyeachwa au kufiwa.

Watoto nao huitambua hali hii. Mwaka 1992, Jude Cassidy na Steven Asher walichapisha utafiti uliofanywa Marekani, ulioonyesha kwamba takriban watoto wote wa miaka 5 hadi 7 waliohojiwa walielewa upweke kuwa ni huzuni ya kukosa wenzao. Aidha, John Bowlby alieleza kuwa mtoto mdogo aliyetengwa na mlezi wake hulia, kisha hukata tamaa, hatimaye hujitenga kihisia. Hivyo basi, mtoto aliyenyamaza si lazima awe amesahau.

Mbinu za kumsaidia

Kwanza, aagwe. Mzazi akiondoka mtoto amelala, kilio cha siku moja huepukwa, lakini mtoto aweza kuanza kuuogopa usingizi.

Pili, apewe neno. Badala ya kuambiwa "nyamaza", aambiwe: "Una upweke kwa kuwa baba hayupo. Hukukosa lolote." Watoto wadogo huweza kudhani kuwa wao ndio sababu ya kuachwa.

Tatu, apewe kipimo cha muda akionacho. Tarehe haimwelei, ila bamvua huiona pwani kila baada ya takriban wiki mbili, mwezi uandamapo na uwapo mpevu. Akiambiwa "bamvua mbili zikipita", atahesabu. Siku ya kurejea isipojulikana, aambiwe hivyo. Ahadi isiyotimizwa humwacha mara ya pili.

Nne, apatiwe mwenzi. Kitendawili hakitegwi pasipo wa kutegua, na "Paukwa" hudai "Pakawa". Fasihi simulizi humpa mtoto nafasi ya kujibu na kujibiwa.

Hitimisho

Upweke wa mtoto hauondolewi kwa kuufumbia macho. Hupungua anapoambiwa ukweli kwa lugha aielewayo, na mtu mmoja akabaki karibu naye. Akiendelea kukataa chakula, usingizi na michezo kwa majuma, apelekwe kwa mhudumu wa afya.