Aliyetumwa Ng'ambo Amerudi: Tumpokee Namna Gani?

SOMO LA VIKUNDI
Muda: saa moja na nusu.
Vifaa: Biblia, daftari la katibu, kalamu.
Mafungu ya kusoma: Matendo 13:1-5 na 13:13; Matendo 14:26-28; Matendo 15:36-39; 2 Timotheo 4:11; 1 Wafalme 19:4-8.
Lengo: Mwisho wa somo, kila mwanakikundi aweze kutaja mambo matatu ambayo mtu anayerudi kutoka kazi ya Injili nchi za mbali anahitaji, na kikundi kiamue ni lipi kitafanya.



Zamani sisi tulikuwa watu wa kupokea wamisionari. Siku hizi tunatuma pia. Wako wana na binti zetu ambao makanisa yamewaweka wakfu na kuwatuma kuhubiri, kufundisha na kuuguza watu nchi za mbali. Siku ya kuwaaga tunafanya harambee, tunaimba, tunajaza matatu mpaka uwanja wa ndege. Siku ya kurudi tunachinja mbuzi, tunawapa nafasi ya kusalimu kanisa Jumapili moja, halafu kila mtu anaenda shambani kwake.

Waswahili husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata mtu azunguke vipi, atarudi palepale alipotoka. Lakini hebu tuulizane: akisharudi, Jumatatu anaamkia wapi? Anakula nini? Anaanza na nini? Hilo ndilo somo letu.

1. ANTIOKIA ILIFANYA NINI?

Kiongozi asome Matendo 13:1-5, kisha 14:26-28.

Kanisa la Antiokia liliwafungia Paulo na Barnaba saumu, likawawekea mikono na kuwatuma. Walipomaliza safari walirudi kwa walewale waliowatuma. Angalieni mambo matatu yaliyotokea. Kanisa lilikusanyika. Wale wawili wakaeleza yote Mungu aliyoyatenda pamoja nao. Kisha wakakaa pale na wanafunzi muda mrefu, si siku mbili tatu.

Kukusanyika, kusikiliza, kukaa pamoja. Hakuna mahali tunaposoma kwamba mtu aliwauliza, "Mmetuletea nini?" Na hapo, jameni, ndipo sisi tunapokosea. Kwa wengi wetu mtu aliyetoka ng'ambo ni mtu wa pesa. Tunamwandalia orodha: karo ya mtoto wa fulani, mabati ya kanisa, mtambo wa maji. Tunasahau kwamba huyu hakwenda kutafuta kazi ya mshahara. Aliishi kwa posho iliyochangwa na watu, na posho hiyo mara nyingi husimama kazi inaposimama. Mtu huyu akiona hawezi kujibu orodha yetu, ataanza kujificha. Hatakuja mkutanoni. Tutasema ana maringo, kumbe ana aibu.

2. WAWILI WALIOTOKA RABAI

Tutazame sasa watu waliofanya kazi hapa kwetu Pwani, kisha wakarudi kwao Ujerumani. Wengi tunajua walivyokuja. Wachache tunajua walivyorudi.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe Rosine alikufa, na mtoto wao mchanga pia. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaweka makao Rabai. Afya ya Krapf ilivunjika, na mwaka 1853 akaondoka. Alikwenda kukaa Korntal, mji mdogo karibu na Stuttgart.

Je, alianza upya vipi? Kwanza, alioa tena, akawa na nyumba. Pili, aliandika kitabu cha safari zake, kilichotoka mwaka 1858. Tatu, alishika kazi ambayo mwili wake uliiweza: meza, kalamu na lugha. Mwaka 1862 alirudi Pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, lakini afya ilimkatalia tena, akarudi Korntal. Hakusema, "Basi, nimekwisha." Aliendelea na maandishi mpaka alipokufa mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata, 1882. Tunaona basi kwamba sehemu ya kazi yake kwa ajili yetu ilifanyika akiwa nyumbani kwake, baada ya watu kudhani safari imekwisha.

Rebmann yeye alikaa miaka 29. Mkewe Emma alifariki huku mwaka 1866. Macho yake yakaharibika, na mwaka 1875 alirudi Ujerumani akiwa karibu kipofu kabisa, akisindikizwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa huku Pwani. Hebu fikirini: kuondoka kwenu kijana wa miaka 26, kurudi mzee wa miaka 55, na nyuso za watu huzioni. Angeweza kupotea katika nchi yake mwenyewe. Lakini Korntal alikuwako Krapf, mwenzake wa Rabai. Rebmann alikaa karibu naye, akaoa tena, na akafariki mwaka 1876. Mwaka 1877 kamusi ya Kinyasa aliyoiandika Rebmann ilichapishwa. Nani aliitayarisha? Ni Krapf. Wote wawili walizikwa Korntal.

Mafunzo ni mawili. Mtu anayerudi anahitaji kazi inayolingana na nguvu alizobaki nazo. Pia anahitaji angalau mtu mmoja anayejua alikotoka, ambaye hahitaji kuelezwa kila kitu tangu mwanzo.

3. ASKOFU ALIYERUDI KWA BASI

Mfano mwingine si wa zamani sana. Lesslie Newbigin, Mwingereza, alikwenda India mwaka 1936. Mwaka 1947 akawa askofu katika Kanisa la India ya Kusini. Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 64, yeye na mkewe Helen walirudi kwao, na sehemu kubwa ya safari kutoka India walipanda mabasi ya kawaida kama abiria wengine, na mizigo yao kidogo.

Alikuta Uingereza si ile aliyoiacha. Alisema jambo lililomsumbua ni kwamba watu wengi hawakuwa na matumaini. Sasa angeweza kukaa na kulalamika kwamba kwao kumeharibika. Badala yake alifundisha chuoni Birmingham mpaka 1979. Halafu, akiwa na miaka 70 hivi, alikubali kuwa mchungaji wa kanisa dogo la Winson Green, mtaa wa watu maskini mbele ya gereza, kanisa ambalo lilikuwa karibu kufungwa. Aliyekuwa askofu wa mji mkubwa wa Madras alianza tena na watu wachache, akigonga milango ya majirani.

Hapa funzo ni la yule anayerudi. Usingoje kiti cha mbele. Anza na kazi ndogo iliyo karibu, na ujifunze upya nchi yako kama ulivyojifunza ile ya wageni.

4. NA ALIYERUDI KABLA YA WAKATI?

Someni Matendo 13:13, halafu 15:36-39.

Yohana Marko alitoka safarini mapema akarudi Yerusalemu. Hatuambiwi sababu. Baadaye Paulo alikataa kwenda naye tena, na wakagombana na Barnaba mpaka wakaachana. Barnaba akamchukua Marko. Sasa someni 2 Timotheo 4:11. Paulo yuleyule, miaka ilipopita, anaomba aletewe Marko kwa sababu anamfaa kwa kazi.

Wako wanaorudi mapema: kwa ugonjwa, kwa kunyimwa kibali cha kukaa, kwa vita, kwa mzazi aliyezeeka, kwa ndoa iliyotikisika, ama kwa kuchoka tu. Kijiji kina maswali mengi, na mdomo wa kijiji hauna kufuli. Kila kikundi kinahitaji Barnaba wake, mtu wa kusema, "Huyu twende naye."

5. MFANO WA KUZUNGUMZIA

Mfano huu tumeutunga ili mjadiliane.

Baba Neema na Mama Neema walitumwa Asia mwaka 2014. Wamerudi mwaka huu na watoto watatu. Shamba lao limelimwa na ndugu wa baba, naye hataki kusikia habari ya kutoka. Neema ana miaka 14, hajui Kikamba vizuri, na wenzake wanamcheka. Walipoondoka watoto walikuwa wakifanya KCPE. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa mtaala ni mwingine. Baba anatoa kadi ya NHIF hospitalini, anaambiwa mambo hayo yaliisha Oktoba 2024 na sasa ni SHA. Mama halali usiku. Jumapili mzee wa kanisa anawatangaza kuwa wageni wa heshima katika harambee, na kila mtu anageuka kuwatazama. Mfukoni wana nauli ya kurudi nyumbani tu.

Tunasema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo inasema kweli juu ya watu walivyo. Haisemi kweli juu ya Wakristo wanavyopaswa kuwa.

6. KIKUNDI KIFANYE NINI?

(a) Wapeni muda wa kupumzika. Someni 1 Wafalme 19:4-8. Eliya alipochoka hata kutamani kufa, kwanza alipewa usingizi, mkate na maji. Hakupewa hotuba. Mwezi wa kwanza msimpe mtu cheo wala harambee. Mpelekeeni kuni, mahindi na maziwa.

(b) Wasikilizeni. Dakika tano za salamu kanisani hazitoshi. Pangeni jioni moja, watu wachache, chai, bila mchango wa pesa. Waulizeni: Mlifurahia nini? Mliumia wapi? Mmeacha nani huko? Mtu anaweza kulilia alikotoka hata akiwa kwao. Hiyo si kukosa shukrani.

(c) Mtu mmoja atembee nao. Mchagueni mwanakikundi anayejua ofisi. Aende nao kujiandikisha SHA, aende nao Huduma Centre kama kitambulisho kimepotea, aende nao shuleni kuuliza darasa linalomfaa mtoto. Ikiwa mtoto alizaliwa nje na mzazi ni Mkenya wa kuzaliwa, Katiba ya 2010 inamhesabu kuwa Mkenya, lakini makaratasi lazima yafuatwe. Jambo la shamba lipelekwe kwa wazee wa ukoo mapema na kwa upole, kabla ya maneno makali.

(d) Wapeni jembe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakishapumzika, waingizeni kikundini kama wanachama wa kawaida: kiingilio kilekile, zamu ileile ya kulima, nafasi ileile katika mzunguko wa pesa. Msimfanye mweka hazina kwa sababu eti ametembea. Na msimfungie mlango kwa sababu hana kitu. Kama kiingilio kinamshinda, akubaliwe kulipa kidogo kidogo, na katibu aandike.

(e) Tumieni alichojifunza. Pengine alijifunza kutibu mifugo, kufundisha watu wazima kusoma, kuchimba visima, au kupatanisha watu wa makabila mawili. Muulizeni. Naye aonyeshe kwa unyenyekevu, bila kusema kila mara, "Kule tulifanya hivi."

Kwa wanaotuma: jambo hili huanza kabla ya safari. Kamati ikae na familia iandike nani atatunza shamba na kwa masharti gani, michango ya NSSF itaendelea vipi, na siku ya kurudi watapata msaada wa miezi mingapi. Kumtuma mtu bila kupanga marejeo yake ni kuazima ng'ombe wa jirani na kumrudisha amekonda.

7. MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni watu watano watano. Kina mama na vijana wapewe nafasi ya kusema kwanza.

1. Katika eneo letu, nani amerudi kutoka mbali kwa kazi ya kanisa miaka ya karibuni? Tumemtembelea mara ngapi?
2. Katika mfano wa Baba Neema, ni jambo gani lingeshughulikiwa kwanza? Kwa nini?
3. Kwa nini tunawaomba pesa wanaorudi? Je, kikundi chetu kinaweza kukubaliana kuacha kwa mwaka mmoja?
4. Kuna "Marko" kwetu, aliyerudi mapema na kusengenywa? Nani atakuwa Barnaba wake? (Msitaje jina hadharani.)
5. Wewe uliyerudi, kama uko hapa: ni msaada gani ungependa, na ni upi usioupenda?

KAZI YA MWEZI

Kabla ya kufunga mkutano, katibu aandike jambo moja tu mtakalofanya, jina la atakayelisimamia, na tarehe. Mkutano ujao mwenyekiti aanze kwa kuuliza limefika wapi. Jambo dogo lililofanywa, hata mzigo mmoja wa kuni mlangoni, litamwambia aliyerudi kwamba amefika nyumbani.