Presha na Sukari Zinapoanzia Juu ya Figo

Kijana mwembamba, ukoo wao hauna kisukari, anapata presha na sukari kwa pamoja. Dawa zinaongezwa, nafuu haionekani. Mtu wa namna hii anahitaji daktari achunguze mpaka juu ya figo.

Swali: Juu ya figo kuna nini?
Jibu: Kuna tezi mbili ndogo za adrenali, kila figo na yake. Ndizo zinazomwaga homoni kama adrenalini ukikutana na nyoka njiani, ukapata nguvu za kukimbia. Mara chache huota humo uvimbe uitwao feokromositoma, ukamwaga homoni hizo hata umekaa unakunywa chai.

Swali: Sukari inapandaje?
Jibu: Adrenalini hulifanya ini kuachia akiba yake ya sukari, na huzuia kongosho kutoa insulini ya kutosha. Wakati huohuo mishipa hubana, presha ikapanda. Maradhi mawili, chanzo kimoja.

Swali: Dalili zake ni zipi?
Jibu: Kichwa kuuma sana, jasho jingi na moyo kwenda mbio, vyote kwa ghafla. Nusu saa baadaye hali inatulia, khanga imelowa chapa. Mgonjwa akifika kliniki presha imeshuka, anaambiwa ni wasiwasi tu. Tafadhali, tusiwapuuze wagonjwa hawa.

Swali: Hupimwaje?
Jibu: Hupimwa metanefrini, mabaki ya homoni hizo, katika damu au mkojo uliokusanywa kwa saa 24. Zikizidi, picha ya CT huonyesha uvimbe ulipo.

Swali: Unatibika?
Jibu: Ndiyo, kwa upasuaji. Kwanza mgonjwa hupewa dawa za kulegeza mishipa kwa wiki moja au mbili. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo zisitangulie, kwani presha inaweza kupanda vibaya. Baada ya upasuaji sukari huweza kushuka ghafla, hivyo hupimwa mara kwa mara. Wengi hupunguziwa dawa, wengine huziacha kabisa.

Swali: Basi sote tukapime?
Jibu: Hapana. Katika watu 100 wenye presha, hafiki hata mmoja mwenye uvimbe huu. Mwulize daktari wako ikiwa presha haishuki kwa dawa tatu, unapatwa na mashambulizi hayo, au ndugu yako wa damu aliwahi kuwa nao. Usiache dawa zako. Nunua daftari, andika siku, saa na presha iliyosomeka wakati wa shambulio. Ukurasa huo utamwonyesha daktari kile ambacho kliniki haikukikuta.