Je, Kiwewe Hurithiwa? Majeraha ya Nafsi kati ya Vizazi

Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, Rwanda huwakumbuka wahanga wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyotokea mwaka 1994. Katika siku hizo wahudumu wa afya huwa tayari kwenye maeneo ya maombolezo, kwa kuwa miongoni mwa waombolezaji wapo wanaozidiwa: hupiga mayowe, hukimbia kana kwamba wanafukuzwa, au huanguka na kupoteza fahamu. Wanyarwanda huiita hali hiyo ihahamuka, neno linalobeba maana ya kukatika pumzi kwa hofu. Wengi wameshangazwa kuona kwamba baadhi ya wanaopatwa nayo ni vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1994. Vijana hao hawakuyaona mapanga wala hawakujificha vinamasini. Hofu hiyo basi wameipata wapi?

Swali hili limeulizwa kwingine pia. Mwaka 1966, daktari wa magonjwa ya akili Vivian Rakoff wa Montreal, Kanada, aliandika kuhusu familia za Wayahudi walionusurika katika kambi za Wanazi, akieleza kuwa watoto wao, ambao hawakuiona kambi, walikuwa na dhiki kubwa ya nafsi. Tangu hapo watafiti wamechunguza njia tatu ambazo kwazo kiwewe cha mzazi kinaweza kumfikia mtoto. Ni muhimu kuzitenganisha, kwa sababu kila moja ina ushahidi wa uzito wake na kila moja hudai msaada wa namna yake.

Kiwewe ni nini

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kukabiliwa na tukio la kutisha kupita uwezo wake wa kulihimili. Mbele ya hatari, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya kotisoli, ambayo huuandaa mwili kujihami. Hatari ikipita, ubongo huipima homoni hiyo kupitia vipokezi maalumu na kuuamuru mfumo utulie. Kwa mtu mwenye kiwewe urari huo huvurugika: hatari imekwisha, lakini mwili unaendelea kuishi kana kwamba bado ipo mlangoni.

Njia ya kwanza: mji wa mimba

Kijusi hushiriki maisha ya mama kupitia kondo la nyuma. Mfano uliochunguzwa sana ni wa Uholanzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi hiyo, na mgawo wa mtu mijini ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Miongo sita baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu waliotungwa mimba wakati wa njaa hiyo walilinganishwa na ndugu zao wa jinsia ileile. Ilionekana kuwa jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na alama chache zaidi za kimethili.

Alama hizo ni vikundi vidogo vya kemikali vinavyoshikamana na DNA. Hazibadilishi maandishi ya jeni. Huathiri tu kiasi ambacho jeni hufanya kazi. Elimu inayozichunguza huitwa epijenetiki. Hata hivyo, mfano wa Uholanzi unahusu njaa, na njaa na hofu ni mambo mawili tofauti, hata kama mara nyingi huandamana.

Rwanda inalikaribia swali la hofu zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanawake 25 wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji, pamoja na watoto wao, walilinganishwa na wanawake 25 wa kabila hilohilo waliokuwa wajawazito wakati huohuo lakini hawakuyapitia mauaji hayo, pamoja na watoto wao. Akina mama walionusurika na watoto wao walikuwa na dalili nzito zaidi za kiwewe na sonona, kiwango cha chini cha kotisoli, na alama nyingi zaidi za kimethili kwenye jeni ya kipokezi cha homoni hiyo.

Matokeo hayo yana uzito, lakini yasomwe kwa uangalifu. Vipimo vilichukuliwa miaka mingi baada ya kuzaliwa. Watoto walikuwa wamekwisha kulelewa na mama waliofiwa na waliojeruhiwa, katika nchi iliyokuwa ikijijenga upya. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kueleza ni sehemu gani ya tofauti ilianzia tumboni na ipi ilitokana na malezi.

Njia ya pili: mbegu za uzazi

Hii ndiyo njia ambayo watu huifikiria wanaposema kiwewe kipo katika damu: kwamba alama ya hofu huandikwa kwenye yai au mbegu ya kiume na kuvuka kizazi baada ya kizazi. Ushahidi wake kwa binadamu ni hafifu.

Kwanza, mayai ya mtoto wa kike huumbika akiwa bado tumboni. Kwa hiyo janga likimpata mjamzito, hugusa vizazi vitatu kwa mara moja: mama, mtoto aliyemo tumboni, na yai ambalo siku moja litakuwa mjukuu. Mabadiliko yanayoonekana kwa mjukuu huyo bado yanaweza kuwa athari ya moja kwa moja. Urithi wa kweli kwa upande huo ungepaswa kuthibitishwa kwa kitukuu. Pili, alama nyingi za kimethili hufutwa mbegu za uzazi zinapoumbika, na hufutwa tena mara baada ya mimba kutungwa.

Utafiti wa Rachel Yehuda na wenzake wa mwaka 2016 hutajwa mara kwa mara kuwa ushahidi. Ulipima jeni ya FKBP5 kwa Wayahudi 32 walionusurika na watoto wao 22, na kukuta alama zilizobadilika kwa vizazi vyote viwili. Lakini kundi la kulinganisha lilikuwa na wazazi 8 na watoto 9 tu, na vipimo vilikuwa vya damu, si vya ubongo.

Upande wa pili wa mizani upo uchambuzi wa mwaka 2003 uliojumlisha sampuli 32 zenye washiriki zaidi ya 4,400. Ulionyesha kuwa watoto wa walionusurika, wanapochukuliwa katika jamii kwa ujumla, hawakuwa na dalili za kiwewe kuliko wengine. Tofauti ilijitokeza miongoni mwa wale waliokuwa wagonjwa kwa sababu nyingine. Huenda basi kinachopita kwa baadhi yao ni wepesi wa kujeruhiwa, ambao hubaki umelala mpaka shida nyingine iuamshe.

Njia ya tatu: malezi na ukimya

Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kuwa watoto wa panya wanaolambwa sana na mama yao katika wiki ya kwanza hukua wakiwa watulivu zaidi, na alama kwenye jeni ya kipokezi chao cha homoni ya hofu hutofautiana na za wasiolambwa vya kutosha. Watoto wa mama asiyelamba walipopewa mama anayelamba, walikua kama watoto wa mama mlezi. Binadamu si panya, lakini jaribio hilo linafundisha kwamba jambo linaloonekana kuwa la damu linaweza kuwa limetoka mikononi mwa mlezi.

Katika familia, kiwewe hupita kwa njia zinazoonekana kuwa ndogo: mama anayeshtuka kila mlango unapogongwa, baba anayekasirika bila sababu ya wazi, jina la marehemu lisilotajwa kamwe. Mtoto huisoma hofu usoni mwa mzazi kabla hajajua kusema. Asipoelezwa chanzo chake, huijazia hadithi yake mwenyewe, na mara nyingi hujiona yeye ndiye kosa.

La kufanya

Jibu la swali hili lina matokeo katika maisha ya watu. Baadhi ya watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji wa mwaka 1994 walikataliwa na jamaa zao kwa sababu ya baba zao. Mtu akisikia kuwa kiwewe hurithiwa, anaweza kulipokea neno hilo kama methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Sayansi iliyopo inaiunga mkono zaidi methali nyingine: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa mhudumu wa kliniki ya wajawazito, hatua ya kwanza ni kumuuliza mama kwa faragha na heshima kuhusu ukatili, misiba na usingizi wake, na kumpatia rufaa mapema. Asiambiwe kamwe kwamba hofu yake imemharibu mtoto. Kumtibu mzazi sonona au kiwewe ni sehemu ya kumkinga mtoto.

Kwa wazazi, ukweli usemwe kwa kadiri ya umri. Mtoto mdogo hutosheka kuambiwa, "Mama ana huzuni kwa sababu ndugu zake waliuawa, si kosa lako, na hapa tupo salama." Mengine yatafuata anapokua. Mtoto au kijana mwenye jinamizi, mishtuko, kujitenga au kushindwa masomo kwa zaidi ya mwezi mmoja apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Akizungumzia kujiua, apelekwe siku hiyohiyo.

Kijana anayeanguka uwanjani mwezi wa Aprili haigizi, wala hajabeba laana ya ukoo. Huenda mwili wake ulijifunza hofu mapema, tumboni au mgongoni mwa mama. Kilichofundishwa mapema si rahisi kukiondoa, lakini mwili huohuo bado unaweza kufundishwa usalama.