Henrik Lundqvist Kabla ya Umaarufu: Maswali na Majibu Kuhusu Makuzi ya Mlinda Lango

Mlinda lango wa hoki ya barafu hufanya kazi gani hasa, na kwa nini hukawia kukomaa?

Hoki ya barafu huchezwa na timu mbili zenye wachezaji sita kila moja uwanjani, ambao huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma wakigombea paki, yaani kisahani kigumu cha mpira chenye kipenyo cha takriban sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5. Mshambuliaji hodari huweza kuipiga paki kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa kuelekea lango lenye upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122, na mara nyingi mlinda lango haioni inapoachana na gongo, kwa kuwa miili ya wachezaji imemziba. Hana budi kusoma mkao wa bega la mpigaji na mwelekeo wa gongo lake, na usomaji huo hauletwi na misuli bali na mamia ya mechi; ndiyo maana walinda lango wengi hufikia kilele miaka kadhaa baada ya washambuliaji wa rika lao.

Lundqvist alianzia wapi?

Alizaliwa tarehe 2 Machi 1982 katika eneo la Åre, kwenye milima ya Jämtland nchini Uswidi, pamoja na pacha wake Joel, na wote wawili wakakulia katika mji mdogo wa Järpen. Inasimuliwa kwamba kocha wa watoto alipouliza nani angependa kukaa langoni, Joel ndiye aliyeunyanyua mkono wa nduguye. Joel mwenyewe akawa mshambuliaji, na baadaye pacha hao wakajiunga na klabu ya Frölunda ya Göteborg, jiji la bandari lililo magharibi mwa nchi.

Kwa nini aliteuliwa akiwa wa 205?

Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, ijulikanayo kama NHL, huwagawa chipukizi kwa utaratibu wa uteuzi, ambapo kila timu hutaja kwa zamu mchezaji inayemtaka na hivyo kujipatia haki ya kumsajili. Mwaka 2000 waliteuliwa vijana 293 katika raundi tisa. Wa kwanza kabisa alikuwa mlinda lango, Mmarekani Rick DiPietro. Joel alichukuliwa na Dallas Stars katika nafasi ya 68, na Henrik akasubiri hadi raundi ya saba, ambapo New York Rangers walimchukua kwa ushawishi wa msaka vipaji wao wa Ulaya, Christer Rockström. Si sahihi kuliona jambo hili kuwa uzembe wa timu nyingine, kwani kumpima mlinda lango wa miaka 18 ni kama kupima mche kwa kimo chake huku mizizi ikiwa haionekani. Dominik Hašek, mmoja wa walinda lango bora wa historia, aliteuliwa wa 199 mwaka 1983, na Pekka Rinne wa Ufini alikuwa wa 258 mwaka 2004.

Miaka mitano ya Göteborg ilimpa nini?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yake. Kuchelewa kuitwa Marekani, ambako wengine wangekuona kuwa mkosi, kulimwachia nafasi ya kukua nyumbani, kwa lugha yake na katika klabu iliyomjua tangu ujanani. Alianza na mechi chache tu za ligi kuu ya Uswidi katika msimu wa 2000/01, na msimu huo huo akapelekwa kwa mkopo Mölndal, timu ya daraja la chini iliyo jirani na Göteborg, ili apate kucheza badala ya kukaa benchi. Mwaka 2003 Frölunda ilitwaa ubingwa wa Uswidi kwa kuishinda Färjestad mechi nne kwa bila katika fainali, naye akiwa langoni. Klabu hiyo ilikuwa haijauonja ubingwa tangu 1965.

Kisha ukaja msimu wa 2004/05, ambapo katika NHL haikuchezwa hata mechi moja, kwa sababu wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango katika mgogoro wa mishahara. Nyota wengi walihamia Ulaya kwa muda, Peter Forsberg akirudi katika klabu ya Modo nchini Uswidi na Daniel Alfredsson akijiunga na Frölunda yenyewe, kiasi kwamba kijana wa miaka 22 alikabiliana na washambuliaji wa kiwango cha juu kabisa duniani bila kuvuka bahari. Katika mechi 14 za mtoano hakufungwa hata bao moja katika mechi 6, na kwa wastani aliruhusu bao 1.05 kwa mechi. Frölunda ikawa bingwa tena, naye akatunukiwa Guldpucken, tuzo ya mchezaji bora wa Uswidi. Ni vigumu kupata darasa bora kuliko hilo.

Kwa nini alilazimika kubadili uchezaji huko New York?

Baada ya msimu huo alihamia Rangers. Uwanja wa NHL una upana wa takriban mita 26, ilhali viwanja vingi vya Ulaya vilikuwa na mita 30, na mita hizo nne zinabadilisha mengi. Lundqvist alizoea kusogea mbele ili kumfinyia mpigaji nafasi, lakini katika uwanja mwembamba pasi ya kukata upande hufika upesi, na aliyetoka mbele huwa na safari ndefu ya kurudi. Kocha wa walinda lango, Benoît Allaire, alimfundisha kubaki ndani kabisa, karibu na mstari wa goli, akitegemea wepesi wake pamoja na mtindo wa kipepeo, yaani kupiga magoti na kutandaza miguu pande mbili ili kuziba sehemu ya chini ya lango.

Matunda yalionekana lini?

Mara moja. Aliingia Oktoba 2005 baada ya mlinda lango mwenzake, Kevin Weekes, kuumia, akashinda mechi 30 katika msimu wake wa kwanza, na Rangers wakarejea katika mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1997. Katikati ya msimu huo alilinda lango la Uswidi kwenye Olimpiki ya Turin. Katika fainali ya tarehe 26 Februari 2006 dhidi ya Ufini, Nicklas Lidström aliifungia Uswidi bao la tatu sekunde 10 tu baada ya kipindi cha mwisho kuanza, na matokeo ya 3-2 yakabaki yakining'inia kwa karibu dakika 20. Wafini walisukuma mashambulizi hadi sekunde za mwisho, Olli Jokinen akapata upenyo karibu na lango, akapiga, na Lundqvist akajitupa na kuizuia paki, siku nne kabla ya kutimiza miaka 24.