Picha za Harusini: Jicho Lina Ruhusa Yake na Simu Ina Yake



Swali la picha halikosi katika darsa zetu za baada ya Magharibi, na kila likija tunagawanyika palepale: wanaosema haramu, wanaosema halali, na wale wanaoendelea kupiga huku mjadala ukiendelea. Nitaligusa, lakini silo nililokuja nalo leo. Nimekuja na jambo lililonipata mwenyewe wakati wa likizo, katika harusi ya binamu yangu.

Tupite haraka kwenye lile tulilolizoea. Hadithi za kuwakemea wenye kutengeneza sura ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim. Kamera ilipokuja, wanazuoni walihitilafiana kama nayo inaingia humo. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kuwa kamera inazuia tu kivuli cha kile ambacho Allah amekwisha kukiumba, haiumbi mfano wake. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliikubali rai hiyo. Sheikh Ibn Baz wa Saudia alibaki kwenye makatazo, isipokuwa panapo dharura kama vitambulisho. Mwenye kutaka dalili za kila upande azifuate kwa mwalimu wake. Mimi nilikwenda harusini nikiwa nimeshika rai ya kwanza, na nilidhani kwa kuishika nimemaliza kazi yote.

Nikaha ilifungwa Jumamosi, Nakivale, pale Base Camp. Kwa wasiopajua, Nakivale iko wilaya ya Isingiro na imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na ukitembea sokoni Kiswahili ndicho kinachokuvusha kutoka kibanda hadi kibanda. Familia ya bibi harusi ni watu wa Buyenzi, Bujumbura. Bwana harusi ni wa Mbarara, na walima ya kwao ilipangwa kufanyika Kakoba, Jumapili ya wiki iliyofuata.

Upande wa wanawake ulizibwa kwa maturubai pande zote nne. Ndani mitandio ilivuliwa, hina zilionyeshwa, dufu likapigwa, na shangazi zangu ambao nje ni watu wazito walicheza mpaka jasho likawatoka. Furaha ile haikuwa na dosari. Bukhari amepokea kuwa bibi Aisha (r.a.) alimsindikiza bibi harusi kwa mume wa Kiansari, na Mtume (s.a.w.) akauliza kama walikuwa na burudani yoyote, kwa kuwa Maansari wanaipenda. Basi mimi nikapiga picha. Zilizidi mia, pamoja na video tatu. Usiku nilichagua zile nilizotoka vizuri mimi (nisidanganye), nikaweka nane kwenye stetasi ya WhatsApp. Zilizobaki nikazituma zote kwenye kundi la ukoo, lenye watu themanini na kitu: Bujumbura, Uvira, Nairobi, Kanada.

Jumatano shangazi akanipigia. Hakunisalimu.

Katika picha moja, nyuma yangu, alikuwapo mama mmoja jirani yao. Mama huyo alikuja Nakivale akimkimbia mtu. Sababu zake ni zake, sitaziandika. Picha ile ilitoka kwenye kundi letu, ikaenda kwa mtu, huyo akaipeleka kwa mwingine, na ikamfikia yule aliyekimbiwa. Akampigia simu dada wa mama yule na kumwambia kuwa sasa anajua aliko. Mama alikuwa amekwisha kuhama nyumba, analala kwa familia nyingine na watoto wake wawili, na amebadilisha laini.

Alhamisi nilipanda taksi kutoka Mbarara nikaenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, kwamba sikujua, kwamba hakusema. Nilipofika akaniambia, "Mwanangu, sikukukataza kwa mdomo kwa sababu ilikuwa harusi ya watu, sikutaka kuwaharibia. Nilidhani umeniona."

Nikaitoa simu, nikaitazama tena ile picha. Kweli. Uso ameugeuza pembeni, na kwa mkono wa kushoto ameuvuta mtandio hadi juu ya mdomo, lakini hakuwahi. Picha niliyoituma kwa watu themanini ilikuwa picha ya mtu anayekataa kupigwa picha.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua kuwa nilikuwa nimesoma mlango mmoja tu wa fiqhi na kuacha mingine wazi. Nilijiuliza kama picha ni halali. Sikujiuliza kama picha hii ni yangu.

Anzeni na hadithi ya Sahl bin Sa'd, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana kichana cha chuma mkononi anajikunia kichwa. Akamkemea kwa maneno makali sana, kisha akaeleza kuwa kubisha hodi kuliwekwa kwa sababu ya jicho. Yaani hodi si ya miguu peke yake. Sasa mimi hodi ya miguu nilikuwa nayo, nilialikwa, na jicho langu pia lilikuwa na ruhusa, maana mimi ni mwanamke miongoni mwa wanawake. Lakini simu yangu iliingia na macho ya watu themanini ambao hawakubisha. Wamo wajomba, mashemeji, na marafiki zao. Aya ya 31 ya Surat an-Nur imewataja mmoja mmoja wale ambao mwanamke anaweza kuonyesha pambo lake mbele yao. Shangazi zangu walivua mitandio kwa kuitegemea orodha ile. Mimi nikairefusha bila kuwauliza.

Kisha kuna hadithi ya Jabir (r.a.), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi: mtu akizungumza nawe kisha akageuka kutazama pembeni, mazungumzo hayo yamekuwa amana. Kugeuka tu! Hakusema "usimwambie mtu." Wanachuoni wamefahamu kuwa ishara ya mwili inatosha kuleta wajibu wa kutunza. Basi kama kugeuza shingo kunalifanya neno kuwa amana, kuvuta mtandio juu ya mdomo kunaifanya nini picha? Kwa hili sikuhitaji mufti.

Lililonishtua zaidi nililikuta katika Bukhari, kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.). Tunaitaja sana hadithi ile kwa sababu ndani yake mna adhabu ya mwenye kutengeneza sura. Lakini katika maneno hayohayo, kabla ya kufika kwenye sura, mna onyo kwa mwenye kusikiliza mazungumzo ya watu na hali wao wanachukia kusikilizwa. Miaka yote tumebishana juu ya kipande cha mwisho, na kile cha katikati, ambacho hakina hitilafu, tumekiruka. Kuchukua kwa watu kitu wasichotaka uchukue, kwa sikio au kwa kioo cha kamera, sioni tofauti.

Na wenzetu wa sheria waniwie radhi nikiingia shambani kwao: Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo msingi wake ni ridhaa ya mwenye taarifa. Nikaona haya kidogo kuwa Bunge limenikumbusha jambo lililomo kwenye vitabu vyangu.

Toba je? Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin ameeleza kuwa dhambi baina yako na Mola wako ina masharti matatu: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Ikiwa inahusu haki ya mja linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake. Ukiiba mbuzi utamrudisha. Picha unairudishaje? Niliandika kwenye kundi kuwaomba wote wafute kwao. Walionijibu ni 31. Mmoja aliuliza ubaya uko wapi, picha yenyewe ni nzuri. Mama yule nilipomweleza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekusamehe. Lakini picha haijarudi."

Kabla hamjazima simu zote, nisikilizeni. Nyanya yake bibi harusi yuko Kanada na hajamwona mjukuu wake kwa miaka mingi. Harusi aliihudhuria kwa picha. Na wanandoa wa kambini wakija kuomba kuunganishwa na jamaa zao nchi nyingine, picha za harusi ni miongoni mwa vitu vinavyosaidia kuonyesha kuwa ndoa ni ya kweli. Kwao albamu ni hati. Kwa hiyo sikukubaliana na mjomba wangu aliyetaka simu zipigwe marufuku kabisa kule Kakoba.

Tulichofanya Kakoba ni hiki. Bibi harusi aliteua mpiga picha mmoja upande wa wanawake, akanichagua mimi (nililia), na nikatumia simu yake, si yangu. Kabla dufu halijaanza, mama mdogo alitangaza: asiyetaka picha akae mikeka ya kulia, na huko kamera haielekezwi kabisa. Simu nyingine ziliombwa ziwekwe kwenye kikapu mlangoni. Kikapu hakikujaa, nikiri. Shangazi wawili walisema wameacha watoto nyumbani na wanangoja simu. Picha za ndani alipewa bibi harusi, aamue yeye nani azione.

Mikeka ya kulia walikaa wanawake wengi kuliko nilivyotarajia, wengine watu wa Mbarara kabisa, ambao hawamkimbii yeyote. Nilikuwa sijawahi kuwauliza.

Katikati ya sherehe bibi mmoja mzee akaniita kutoka mikeka ya kushoto, akatengeneza mtandio wake, akaketi wima. "Mimi nipige," akasema. "Wajukuu wangu walioko mbali wanione nikiwa bado na meno." Nilimpiga kumi na moja. Aliomba kuziona zote, akakataa nne.