Kutwa Mara Tatu: Kusoma Vifupisho vya Kilatini katika Cheti cha Dawa

Mkazi wa Kasingirima, Ujiji, anayevua dagaa katika Ziwa Tanganyika huingia ziwani jioni na taa zake, akarejea alfajiri. Wengine wakiwa kazini, yeye amelala. Mtu huyo akiandikiwa "tds", na mtoa dawa akamwambia "kutwa mara tatu", ameambiwa kweli, lakini hajaambiwa ya kutosha. Katika Kiswahili cha kila siku, kutwa ni tangu mawio hadi machweo; katika cheti cha dawa, ni saa 24 kamili.

Kwa karne nyingi Kilatini kilikuwa lugha ya elimu ya tiba Ulaya. Hata alama ya Rx hutokana na neno *recipe*, yaani "chukua", agizo kwa mtengenezaji wa dawa. Vifupisho vilikusudiwa kusomwa na wataalamu, si mgonjwa. Vinavyoonekana mara nyingi ni hivi:

- od (*omni die*): mara moja kwa siku
- bd (*bis die*): mara mbili, kila baada ya saa 12
- tds (*ter die sumendum*): mara tatu, kwa kawaida kila baada ya saa 8
- qid (*quater in die*): mara nne
- ac, pc (*ante cibum*, *post cibum*): kabla ya chakula, baada ya chakula
- nocte: usiku
- stat (*statim*): papo hapo
- prn (*pro re nata*): inapohitajika

Vifupisho hivi vina hatari zake. Katika dawa za macho, OD humaanisha jicho la kulia (*oculus dexter*). Nchini Marekani, mwaka 2004, tume ya ithibati ya hospitali ilipiga marufuku "QD", yaani kila siku, kwa kuwa iliweza kusomwa QID, na dozi moja ikawa nne. Prn nayo haimaanishi bila kikomo: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 katika saa 24.

Dawa mseto ya malaria (ALu) huonyesha vizuri tofauti hiyo. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 kwa kila dozi, dozi 6 kwa siku 3, pamoja na chakula. Huandikwa "bd", ilhali dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8. Mvuvi akianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni. Kisha ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, kwa siku mbili zinazofuata. Dozi za usiku zitamkuta ziwani, hivyo azibebe pamoja na chakula. Akizikosa, vimelea vyaweza kubaki mwilini na homa ikarudi.

Kwa hiyo mtoa dawa aandike saa kwenye bahasha, aulize kwanza mgonjwa hulala na kula saa ngapi, kisha amwombe arudie maelezo kwa maneno yake. Mgonjwa naye asiondoke dirishani kabla ya kujua mambo manne: vingapi, saa ngapi, siku ngapi, na kabla au baada ya chakula. Kuuliza si kumdharau mtaalamu. Ni sehemu ya tiba.